CG125 ya zamani: spea za rika lake, za Honda za baadaye, au za Kichina?

Mwezi uliopita kijana mmoja alifika gereji na Honda CG125 juu ya guta. Tenki limetoboka chini, kiti kimebaki bati tupu, waya zinaning'inia kila upande. Lakini nilipokanyaga kiki, injini ilizunguka laini na mbano ulikuwepo. "Ilikuwa ya babu," akasema. "Alikuwa bwana shamba, akizungukia vijiji nayo." Anataka kuijenga upya kwa mtindo wa kefi reza: usukani wa chini, kiti kifupi chenye nundu nyuma, taa moja ya mviringo. "Sasa mzee, nitafute spea za enzi zake, nichukue za Honda zilizokuja baadaye, au nifunge tu hizi za Kichina zilizojaa madukani?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu hubadilika kutegemea anayeuliza. Hapa nimeziweka njia zote tatu kwenye mizani moja, ili mwenye CG yake aone ipi inamfaa.

Kwanza tuelewane kwa nini pikipiki hii inaleta mkanganyiko. Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobeba mizigo mizito, wanaopita kwenye vumbi na kuchelewa kubadilisha oili. Injini zao za kemshafti ya juu, yaani shafti inayofungua valvu ikiwa kichwani mwa injini, zilikuwa zinakufa mapema kwenye hali hiyo. Wakaunda yenye kemshafti chini, inayozungushwa kwa gia badala ya cheni, yenye nundu moja tu inayosukuma vijiti viwili vya valvu. Kipenyo cha bloku, yaani silinda, ni milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Brazil walianza kuiunda mwaka 1976, Pakistan wanaiunda hadi leo, na viwanda vya China vilinakili injini hiyo kwa wingi usiohesabika. Ndiyo maana mashine ya bwana shamba bado inapata ndugu zake Kariakoo ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi.

Ila undugu una mipaka. Boxer na TVS HLX, ingawa zimejaa barabarani, si wa ukoo huu. Injini zao zina kemshafti juu na cheni yake ndani. Ukisikia muuza duka anakwambia "hii inaingia tu" akikupa hedi ya Boxer, mrudishie kwa heshima na uondoke.

Tunapima kwa vigezo gani

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni kuingia mahali pake: je, spea inakaa bila kuchonga, kuchomelea wala kulazimisha? La pili ni umeme, kwa sababu hapo ndipo miaka inapotofautiana zaidi. La tatu ni breki na miguu, yaani shokapu, habu na magurudumu. La nne ni mfuko na upatikanaji. La tano ni makaratasi, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshasimamishwa na trafiki. Sura sikuipa nafasi yake, kwa kuwa kila mtu ana jicho lake, lakini nitaigusa pale inapobidi.

Spea huhama kwa familia

Kabla ya njia yenyewe, kuna kanuni inayozihusu zote tatu, na ndiyo iliyonigharimu zaidi kujifunza. Usihamishe kipande kimoja kimoja kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Hamisha familia nzima. Sahani ya koili na sumaku yake ni familia, pamoja na CDI, kile kiboksi cha kielektroniki kinachoirusha cheche, inayozitegemea. Bloku, pistoni na hedi ni familia. Shokapu za mbele, T ya usukani inayozishika shokapu hizo, ekseli na habu ni familia. Gia ya kranki na gia ya kemshafti ni familia tena ya damu, zimezoeana meno.

Niliwahi kuipuuza kanuni hii. Nilikuwa najenga CG ya mteja, nikatoa sahani ya koili kwenye pikipiki moja na sumaku kwenye nyingine. Zote zilikuwa za volti 12, zote za CDI. Matundu ya skrubu yalilingana, sumaku ikakaa kwenye koni ya kranki bila kugusa chochote, nati ikakaza. Nikakanyaga kiki mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili mkono wa kiki ulirudi nyuma kwa nguvu ukanipiga ugoko, nikachechemea wiki nzima. Nilipofungua na kuziweka sumaku mbili mezani, ufunguo wa kranki ukielekea upande mmoja, niliona. Kile kinundu cha nje kinachopita mbele ya pikapu, kile kinachoiambia CDI irushe cheche, kilikuwa mahali tofauti kwenye kila sumaku. Kwa macho tofauti ilikuwa upana wa kidole. Ndani ya injini ilikuwa na maana kwamba cheche inaruka pistoni ikiwa bado mbali sana na juu, ndiyo maana injini iliigeuza kiki.

Kwa hiyo kila nitakapotaja kubadilisha kitu hapa chini, elewa kwamba nasemea familia yake yote.

Njia ya kwanza: spea za rika lake

Hapa namaanisha kuijenga kwa vipande vya CG za mwanzo, zile za volti 6 na platini, yaani vipande viwili vya chuma vinavyokata umeme ili cheche iruke, vipya vilivyobaki stoo au vilivyotolewa kwenye mikweche ya umri uleule.

Kuingia mahali pake. Hakuna njia inayoishinda hii. Boliti inapata tundu lake, kifuniko kinapata mdomo wake, na huhitaji fundi wa kerezo. Tatizo ni kwamba spea ya zamani imeshafanya kazi yake miaka mingi. Inaweza kuingia vizuri na bado ikawa imekufa.

Bloku ndiyo ya kukaguliwa kuliko zote. Chukua ringi ya juu iliyo mpya, iingize ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae mlalo, kisha pima nafasi kati ya ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia. Pima juu kidogo, katikati, na chini ambako pistoni haifiki. Kama nafasi ya chini ni ndogo na ya juu imezidi nusu milimita, bloku imelika na inahitaji kuboa, yaani kupanuliwa kwa mashine. Pistoni za kuboa huja kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, na 1.00 kuwa ya mwisho. Muulize anayekuuzia imeshaboliwa mara ngapi, na usiridhike na jibu lake mpaka uone namba iliyogongwa juu ya pistoni. Nimewahi kushika bloku nzuri kwa nje, mapezi yote mazima, kumbe pistoni yake imeandikwa 1.00. Hiyo haina safari nyingine bila kuwekewa silivu, yaani ukuta mpya wa ndani.

Umeme. Volti 6 ni unyonge, sina namna ya kulipamba. Taa ya mbele hufifia injini ikinguruma bila kupewa gesi, balbu na betri zake ni za kutafuta kwa tochi, na indiketa zikiwaka pamoja na breki unaona mwanga ukitetemeka. Faida yake ni platini. Ikikugomea njiani unaifungua, unaisugua kwa msasa laini, unaiweka nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4, unaondoka. CDI ikifa porini imekufa.

Breki na miguu. Breki za drum za mbele na nyuma, shokapu nyembamba. Kwa pikipiki nyepesi kama hii zinatosha ikiwa drum haijawa yai na viatu vimekaa sawasawa. Ukikanyaga breki ya nyuma na kusikia mguu unapigwapigwa kwa mdundo, drum imeshaharibika umbo, ipeleke ikasawazishwe kabla hujafikiria rangi.

Mfuko na upatikanaji. Kipande kimoja kimoja si ghali sana, ila unalipa kwa muda. Unaweza kukaa miezi ukisubiri kifuniko cha ubavuni. Mahali pa kuulizia ni kule pikipiki hizi zilikofanya kazi: vituo vya kilimo, misheni, hospitali za wilaya, na kwa mafundi wazee ambao hawatupi kitu.

Makaratasi. Rahisi. Chesisi ni ileile, injini ni ileile, namba zinalingana na kadi.

Inamfaa mtu mwenye subira, anayeienzi pikipiki kwa sababu ya aliyeipanda kabla yake, na ambaye hataitegemea kila asubuhi kwenda kazini.

Njia ya pili: spea za Honda za miaka ya baadaye

Hizi ni CG zilizofuata, zenye volti 12 na CDI, za Japani na za Brazil, pamoja na za Pakistan ambazo zimebaki karibu sana na umbo la zamani.

Kuingia mahali pake. Injini nzima ya baadaye kwa kawaida hukaa kwenye chesisi ya zamani bila ugomvi mkubwa, kwa kuwa Honda hawakuiacha mishikio yake ihangaike hovyo. Vitu vya nje ndivyo vinavyoleta shida. Tenki la baadaye linaweza kuwa na mishikio tofauti mbele. Vifuniko vya ubavuni havikai. Magurudumu nayo usiyaamini kwa macho: kwenye ukoo huu kuna rimu za nyuma za inchi 17 na za inchi 18, soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliulizi. Si kila giaboksi ya CG ina gia tano, nyingine zina nne. Na mpangilio wa kukanyaga unaweza kutofautiana: nyingine gia ya kwanza ni chini na zinazofuata ni juu, nyingine zote ni kwa kukanyaga mbele. Mtu aliyezoea mpangilio mmoja akipanda pikipiki yenye mwingine, mguu wake utafanya kosa hasa pale anapoogopa. Ukibadilisha injini, endesha uwanjani siku mbili tatu kabla ya kuingia barabara kuu.

Umeme. Hapa ndipo njia hii inapolipa. Ukihama kutoka volti 6 kwenda 12 unapata taa inayomulika, balbu zinazopatikana kila duka, na kuwaka kwa kiki moja asubuhi ya baridi. Lakini familia yake ni kubwa: sahani ya koili, sumaku, CDI, koili ya plagi, rektifaya yenye regulata, betri, balbu zote, honi, na flasha ya indiketa. Ukisahau flasha, indiketa zitawaka bila kupepesa. Ukisahau balbu moja ya dashibodi, itaungua sekunde ile unapowasha swichi.

CDI zenyewe ni za aina mbili, na kuzichanganya ni kuziua. Aina moja hupata umeme wake moja kwa moja kutoka koili ya ndani ya injini, nyingine huutoa kwenye betri. Ukinunua mkweche ili uutoe umeme wake, fanya jaribio hili kabla hujaufungua: chomoa betri, weka plagi ikigusa hedi, kanyaga kiki. Cheche ikiruka, ni ya koili ya ndani. Isiporuka, na betri ikirudishwa inaruka, ni ya betri. Iandike kwenye kipande cha tepu na uibandike juu ya CDI, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka.

Breki na miguu. Za baadaye huwa na shokapu imara zaidi na drum kubwa kidogo, na baadhi zilikuja na diski mbele. Hamisha mbele yote kwa pamoja. Usijaribu kuipa T ya zamani shokapu za unene mwingine kwa kukata bati la soda na kulizungushia kama washa. Nimeona hilo limefanyika na limepakwa rangi vizuri, na aliyelifanya alikuwa anaweka maisha ya mtu kwenye kopo. Pima kimo cha shingo ya chesisi na kipenyo cha vikombe vya beringi. Vikilingana, umeshinda. Visipolingana kidogo, mkerezaji mzuri anaweza kutengeneza vikombe vya kati vya chuma.

Mfuko na upatikanaji. Katikati, ila kwa sharti moja: nunua mkweche mzima. Ukinunua kipande kimoja kimoja utamaliza fedha ukiwa bado huna waya wa kuunganisha. Mkweche mzima unakupa pia boliti, mabano, plagi za waya na vitu vidogo ambavyo hakuna duka linaviuza. Ukimaliza, kinachobaki unakiuza.

Makaratasi. Ukihamisha injini nzima, namba ya injini imebadilika, na kadi inasema kitu kingine. Tanzania taarifa hiyo hupelekwa TRA, Kenya ni NTSA. Ukihamisha umeme na miguu tu, namba haziguswi.

Inamfaa anayetaka kuiendesha kila siku bila kuipoteza asili ya Honda, na aliyebahatika kupata mkweche mmoja mzima.

Njia ya tatu: spea za Kichina za ukoo wa CG

Hizi ndizo zinazoning'inia kwenye kila duka la spea za bodaboda, na kuna mafundi wanaozidharau moja kwa moja. Mimi siwaungi mkono. Nimezifunga, zimefanya kazi. Ila zinahitaji jicho kali kuliko njia zote.

Kuingia mahali pake. Neno "CG125" kwenye boksi halina maana moja. Nilifungua maboksi mawili ya klachi siku moja, yameandikwa sawasawa neno kwa neno. Moja lilikuwa na sahani tano, jingine sita. Vivyo hivyo kwa gasketi za upande, oil sili na hata urefu wa vijiti vya valvu. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi na venia mfukoni, na pima papo hapo mbele ya muuzaji. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Wengi wanaokuja njia hii wanatafuta nguvu. Ile ya 150 ina kipenyo cha milimita 62 na mwendo wa pistoni uleule wa 49.5, kwa hiyo mtu anajiambia ataweka bloku ya 62 juu ya kasha lake la 125, lile lenye kranki na gia, na kazi imekwisha. Shingo ya bloku hiyo ni nene zaidi, na mdomo wa kasha la zamani lazima upanuliwe kwa mashine. Ukiupanua unakula chuma kilichokuwa kinashikilia boliti za bloku. Kasha la Honda la zamani halipatikani tena kirahisi, kwa hiyo sikushauri ulikate. Ya 200 ndiyo kabisa: kipenyo 63.5, mwendo wa pistoni 62.2, kranki nyingine, kimo kingine, na nyingi zina shafti ya kusawazisha mtetemo. Ukiitaka nguvu hiyo, chukua injini nzima na uifunge, kisha ifunge ya Honda kwenye gunia lenye oili na uiweke kabatini. Siku ukiihitaji itakuwepo.

Kwa anayebaki na 125, bloku ya Kichina ya 56.5 yenye pistoni na ringi zake ni msaada wa kweli pale bloku ya asili imefika 1.00. Osha mapezi na mifereji ya oili kwa petroli na brashi kabla ya kufunga, kwa kuwa mara nyingine chembe za mchanga wa kalibu zinabaki ndani. Weka valvu kwenye milimita 0.08, injini ikiwa baridi, na uzipime tena baada ya kilomita mia tano za kwanza, kwa sababu vipande vipya hukaa.

Kabureta pia ni rahisi kupata. PZ26 hufungwa kwenye 125, PZ27 kwenye 150. Usiweke kubwa kwa tamaa. Injini ndogo yenye kabureta kubwa inakohoa chini, na chini ndiko unakoishi mjini.

Umeme. Kifurushi kizima cha volti 12, kuanzia sahani ya koili hadi waya wote wa mwili, kinapatikana siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni waya zenyewe, ambazo nyingi ni nyembamba, na plagi zake hulegea. Mimi huvua tepu yote, naongeza fyuzi, na maungio makubwa nayachomea kwa risasi badala ya kuyasokota. Ni kazi ya siku moja inayozuia pikipiki kuungua.

Breki na miguu. Mbele nzima yenye diski kutoka kwenye bodaboda iliyopondeka nyuma ni mnunuo mzuri, alimradi shokapu hazikupinda. Zilaze juu ya kioo cha dirisha na uzizungushe, utaona mwanga ukipita chini kama zimepinda. Nyuma uangalie mstari wa cheni. Cheni ni ya 428 kote, lakini habu ya Kichina inaweza kuiweka sproketi ya nyuma milimita kadhaa nje ya mstari wa ile ya mbele. Shika rula ndefu iliyonyooka, ilaze kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uone kama inaigusa ya mbele sawasawa. Habu inasogezwa kwa spesa zilizochongwa, na kamwe si kwa kuupinda mkono wa nyuma.

Kumbuka pia kwamba sproketi za bodaboda zimepangwa kwa mizigo. Ukiwa na meno 15 mbele na 45 nyuma, sproketi ya mbele inazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na pikipiki itapiga kelele kabla haijafika mwendo wa safari. Kwa kefi reza ya mtu mmoja, 16 kwa 40, yaani mara mbili na nusu, inapumua vizuri zaidi barabara ya lami. Kwa anayeishi kwenye vilima asishuke hadi hapo.

Mfuko na upatikanaji. Hakuna mjadala, hii ndiyo nafuu na iliyo karibu. Hata ukiharibikiwa safarini, kijiji kinachofuata kina spea.

Makaratasi. Hapa ndipo pa kuangalia kwa macho mawili. Injini mpya dukani ina risiti, itunze. Injini iliyotumika, inayouzwa kwa haraka na mtu asiyetaka kuandikishana, inaweza kuwa imetoka kwenye bodaboda ya mtu aliyenyang'anywa usiku. Angalia namba kama imesuguliwa au imegongwa upya. Andikishaneni mauziano, kila mmoja abaki na nakala pamoja na namba ya kitambulisho cha mwenzake.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo, anayeitumia pikipiki kwa kazi, na aliye tayari kupima kila kitu mara mbili.

Kwa hali yako

Kama pikipiki ni kumbukumbu na injini bado inabana, anza na njia ya kwanza, uione injini ikiwaka kwa vitu vyake kabla hujaigusa sura. Ukishaichoka taa hafifu, familia ya umeme inaweza kuhamia ya volti 12 baadaye, na ya zamani ukaihifadhi kwenye boksi lenye jina.

Kama unaiendesha kila siku, hasa usiku, volti 12 ni suala la usalama. Iwe ya Honda au ya Kichina itategemea unachokipata kikiwa kamili. Kifurushi kamili cha Kichina ni salama kuliko nusu ya Honda na nusu ya kubahatisha.

Kama bloku imeisha na kasha ni zima, bloku ya Kichina ya 56.5 ndani ya injini ya Honda ni ndoa inayodumu. Kama kasha limepasuka, usilichomelee ukategemea kwenda nalo Moshi au Kisumu. Badilisha injini nzima na uende na makaratasi yake ofisini wiki hiyohiyo.

Kama barabara zako ni za vumbi na mashimo, uufikirie upya mtindo wenyewe. Kefi reza ilizaliwa kwenye lami ya London, vijana wakikimbizana kutoka mgahawa hadi mgahawa. Usukani wa chini kwenye makorongo utakuumiza viganja. Usukani mpana, matairi yenye meno makubwa na shokapu ndefu kidogo vinaiacha CG iwe na sura nzuri na iendelee kufika inakokwenda.

Na kama umenunua chesisi tupu isiyo na injini, usinunue hata nati mpaka uithibitishe namba ya chesisi na jina lililo kwenye kadi.

Yule kijana wa guta alihamisha familia moja tu, ya umeme. Injini ilibaki ya babu na platini zake zikaingia kwenye kopo la maziwa juu ya rafu. Tenki tulilikata chini, tukaweka bati jipya, lakini rangi ya juu alikataa isiguswe. Upande wa kulia, pale goti la mzee lilipokuwa likigusa, imefutika hadi kwenye chuma.